Mwenye Nyumba Hapigi Hodi

Chumba cha mbele,
Nyumbani kwako.
Jumapili, tarehe 9 Agosti

Mpendwa Kaka,

Shikamoo ya mbali. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana ni ndefu, na wewe tangu utotoni kitu kirefu hukisomi ukiwa umesimama. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho kwenye simu ulisema unauma ukiinama, nikakushauri usiiname, simu ikakatika. Sijui kama ushauri ulifika. Na hiyo kazi ya ghalani, bado wanakupanga zamu za alfajiri? Sisi hapa wazima, ukiacha goti langu na paa la stoo. Vyote viwili hutangaza mvua kabla ya redio.

Utashangaa kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Simu ni ya salamu, kaka. Kwenye simu mtu husema "nitakupigia baadaye", na dunia ikaendelea. Barua haina baadaye. Ukishaifungua, imeshakwambia.

Nina habari, na nina swali. Swali si langu, ni la mkeo, nalo ni kama unarudi nyumbani au hurudi. Nimeliacha mwisho, wala si kwa kulificha. Lilizaliwa kwenye picha anayotengeneza binti yako, na bila habari za picha utadhani mkeo ameamka tu asubuhi moja akaliokota uani.

Basi, picha. Binti yako, uliyemwacha hajang'oka jino la kwanza, sasa anawaamrisha watu wazima wanyamaze, nao wananyamaza. Mafundi wake wanamwita Dairekta. Anatengeneza filamu, na anaitengenezea nyumbani kwako, kwa sababu nyumba nyingine zote alizoomba zilikuwa na wenyewe waliokataa. Yako haikukataa.

Ni picha ya taharuki, yaani mtazamaji akae roho mkononi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kisa chenyewe kifupi. Mume ameondoka miaka mingi. Siku moja mwanamume anafungua mlango kwa ufunguo, anaweka sanduku chini, anaketi. Anasema yeye ndiye mume. Mke anampokea, lakini taratibu anaona mambo hayalingani: mtu hajui swichi ya taa ya ukumbini ni ipi, anatafuta chumvi kabati la chini. Mke anaogopa, anamfungia stoo. Halafu, mwisho kabisa, anagundua kwamba alikuwa ndiye mumewe kweli. Hivyo ndivyo skripti ilivyoandikwa awali. Shika hilo la mwisho, maana lilibadilika.

Nilipoisoma nilimwuliza binti yako kisa amekitoa wapi. Akasema, "Baba mdogo, kisa ni kisa tu." Sikumfukua zaidi. Kweli mume wa kwenye skripti alikwenda kufanya kazi ghalani, lakini maghala ni mengi duniani.

Nikueleze kikosi chetu, si kirefu. Mimi nimepewa sauti. Kwa kuwa natengeneza redio, binti yako anaamini mtu anayezisemesha redio zilizokufa hawezi kushindwa na watu walio hai. Maiki tumeifunga kwenye mpini wa fagio na kuivisha soksi ili upepo usiingie. Soksi ni yangu. Navaa hedifoni kubwa masikioni siku nzima, na nimejifunza jambo ambalo redio hazikunifunza: watu hutoa sauti nyingi wasizojua kama wanazitoa. Huyu anameza mate, yule tumbo linamsimulia. Ungevaa hedifoni hizi wiki moja usingemwuliza mtu tena hali yake.

Mpiga kamera tunamwita Bwana Harusi. Hajaoa. Ni kwamba maisha yake yote amepiga picha za harusi, na mkono wake umeshazoea. Ukimwambia apige uso wa mtu aliyeogopa, anapiga uso, kisha kamera yenyewe inashuka kwenda kutafuta sahani. Siku moja mkeo, ambaye nitamfikia sasa hivi, alipokuwa amejificha nyuma ya mlango, anatetemeka kama skripti inavyotaka, Bwana Harusi alimnong'oneza atabasamu kidogo. Na kitu kingine, hazimi kamera akiambiwa azime. Anasema kwenye harusi mambo mazuri hutokea mshereheshaji akishasema tumemaliza. Tulimcheka. Baadaye tuliacha.

Mkeo ndiye mke. Hii haikupangwa. Palikuwa na dada mmoja aliyefanya mazoezi ya nafasi hiyo, akapata tangazo la sabuni, uso wake ukabandikwa ukutani njia panda, hakurudi tena. Hatukumlaumu, sabuni hutoka kila mwezi. Binti yako akamgeukia mama yake. Shemeji alikataa kwa maneno makali, kisha akauliza avae nguo gani.

Mwanamume anayerudi anachezwa na fundi bomba wa mtaa wa pili, tunamwita Koki. Ni mgane, mtu mrefu wa maneno machache, mikono kama makasia. Binti yako alimwona akizibua mtaro, akasema ana uso wa mtu anayeficha jambo. Tulipomzoea tukakuta anachoficha ni haya tu. Anamwita mkeo "mama mwenye nyumba", na mimi "fundi mwenzangu", ingawa yeye akikosea watu wanafurikiwa na mimi nikikosea watu wanakosa taarifa ya habari.

Mwanzo ulikuwa wa vituko. Siku ya kwanza shemeji alikuwa jikoni akitusaidia kukata vitunguu, na kila binti yako alipopaza sauti "Kata!" ili kamera isimame, mama yake alikuwa anakata. Alidhani anahimizwa. Kufika saa ya kula tulikuwa na vitunguu vya kulisha msiba. Siku nyingine palikuwa na ndoto, mke anaota yule mwanamume amelala sakafuni ametapakaa damu. Damu tuliitengeneza kwa sharubati nyekundu na unga. Ilikuwa damu nzuri, hata mimi nilikwepa. Lakini siafu nao waliipenda, na katikati ya kilio cha mke, maiti akajikuna. Binti yako akamwambia maiti huwa hawajikuni. Koki akajibu bado amelala, "Maiti huwa hawaumwi na siafu mapema hivi."

Sasa nifike mlangoni, maana ndipo mambo yalipogeukia.

Tukio lenyewe ni jepesi, hata mbuzi angelifanya. Mwanamume anaingiza ufunguo, anafungua, anaingia, anaweka sanduku, anakwenda moja kwa moja kuketi kwenye kiti cha mkono wa kushoto wa dirisha. Kiti chako. Mke anatoka jikoni na kitambaa mkononi, anamwona, anasimama. Hakuna neno hata moja.

Koki akaingiza ufunguo. Mlango ukafunguka. Na mimi kwenye hedifoni nikasikia, nyembamba kama mbu: hodi.

Nikainua mkono. Nikasema kuna hodi. Binti yako akauliza hodi gani. Koki akaapa hajafungua mdomo. Tukairudisha sauti, wote wakasikiliza kwa zamu, na hodi ilikuwepo, ya heshima kabisa, imeinamisha kichwa.

"Fundi," binti yako akamwambia, "hii ni nyumba yako. Mwenye nyumba hapigi hodi."

"Najua, dairekta."

"Basi ingia kama kwako."

"Nitaingia kama kwangu."

Akatoka. Akaingia. Hodi.

Alieleza baadaye, na aibu yake yote, kwamba tangu ujana kazi yake ni kuingia majumbani mwa watu. Ukiingia bila hodi unakuta mtu ana taulo, au unakuta mbwa, na wote wawili wanaweza kukuuma. Hodi kwake si neno tena, ni kama kuinua mguu kwenye kizingiti. Binti yako akampa wazo akishafungua aubane ufunguo kwa meno. Akaubana. Safari hii hakusema hodi, aliimba kwa pua, mm-mmm, na mtu yeyote aliyezaliwa kwenye nyumba yenye mlango angejua ni hodi. Tukambebesha sanduku na kikapu na mwavuli ili akili imtoke. Akagonga fremu ya mlango kwa kiwiko. Bwana Harusi akasema huyu hata akizikwa atapiga hodi kaburini.

Tulirudia hadi jua likahama dirishani na binti yako akaketi chini na kushika kichwa. Aliniambia kwa sauti ndogo kwamba kama mlango ukishindikana, picha imeshindikana, kwa sababu hakuna mtu mwingine wa kucheza, na kamera ni ya kuazima. Akasema tujaribu mara ya mwisho halafu kila mtu aende kwake.

Koki naye alikuwa amechoka. Akafungua mlango, na kwa uchovu wake akaitamka sasa kwa sauti ya kawaida, kama anavyoitamka kila siku kwenye kazi zake. "Hodi."

Na shemeji, kule jikoni, akaitikia. "Karibu."

Sijui kama naweza kukuelezea hiyo karibu. Haikuwa ya kuigiza. Akatoka anafuta mikono, uso wa mtu anayempokea mgeni, kisha akaona kamera, akaona sanduku, akaona mwanamume amesimama, akakumbuka huyu anatakiwa kuwa nani. Uso wake ulisimama hapo katikati. Koki naye, asijue la kufanya, akasema ahsante mama, akaenda kwenye kiti chako akaketi ukingoni, kama mtu aliyeitwa ofisini. Binti yako alisahau kusema kata. Bwana Harusi, unamjua sasa, hakuzima.

Tuliitazama kwenye kioo kidogo cha kamera, vichwa vyetu vimegongana. Kaka, mimi si mtu wa kusisimka. Nimeshikwa na umeme mara nyingi kuliko ulivyoshikwa na mafua. Lakini nywele za mkono zilinisimama. Pale palikuwa na mwanamke aliyesikia hodi kutoka kwa mtu anayejiita mumewe, na akamkaribisha.

"Mama," binti yako akauliza, "huyu mwanamke ameshajua, sivyo?"

"Amejua nini?"

"Kwamba si mume wake."

"Mume wake angepiga hodi ya nini?"

"Sasa mbona amemkaribisha?"

Shemeji alikikunja kile kitambaa, akakikunja tena. Akasema mtu akipiga hodi unamwitikia, ndivyo alivyolelewa. Kisha akaongeza, "Na bomba la jikoni linavuja."

Tulicheka wote, hata Koki, na Koki ndiye aliyeacha wa kwanza.

Binti yako aliandika skripti upya. Hakuna tena kufungiana stoo, wala mume wa kweli aliyetambulika mwishoni. Sasa mwanamume si mume, na mke anajua tangu mlangoni, na mwanamume anajua kwamba mke anajua. Wanakaa. Wanapeana chumvi. Kila mmoja anaogopa mwenzake asije akasema. Mimi nilimwambia kwamba hiyo si taharuki tena, ni ndoa. Akasema, "Baba mdogo, subiri uone." Nimeona. Inatisha kuliko damu yetu ile ya sharubati. Kuna mahali mke anamwekea mwanamume maji ya kunawa, na hakuna anayesema kitu, na mimi niliyekuwa pale na hedifoni nilishusha pumzi nikaharibu sauti.

Koki alitengeneza koki. Nalisema kwa sababu tulilicheka sana siku hiyo, lakini pia kwa sababu ni habari. Lile bomba la jikoni lililokuwa likidondosha maji tangu hujaondoka, ambalo uliniambia nisiliguse utalifanya mwenyewe ukija, halidondoshi tena. Alilifanya mchana mmoja tukingoja wingu lipite. Hakuna aliyemwomba. Kimya kilikuwa kikubwa mno jikoni, shemeji alishindwa kukizoea, akawa anakwenda kulifungua kidogo.

Usinielewe vibaya. Hakuna lililotendeka la kumfanya mtu ainamishe uso. Koki anakuja na wenzake, anaondoka na wenzake, na akiongea na mkeo anatazama ndoo. Ninaandika kama ninavyomweleza mtu redio yake. Inasema hivi, haisemi vile.

Ila kuna siku nitakayokwambia. Bwana Harusi alikuwa na harusi, kwa hiyo hatukuwa na kazi. Mimi nilikuwa hapa chumba cha mbele nimeifungua redio ya jirani, utumbo wote mezani. Koki akapita dirishani na mfuko wake wa vifaa, akanisalimu, akasema anakwenda kuangalia tangi. Akaingia ndani. Nikaendelea na redio. Baada ya muda mkono wangu ukasimama peke yake, bisibisi hewani, nikawa nasikiliza kitu nisichokisikia. Hakupiga hodi. Na kule jikoni hakuna aliyeshtuka.

Nadhani hata yeye hakujua. Ni sisi tuliomfundisha, kaka. Tumemrudisha mlangoni pale mara nyingi, tukimwambia ingia kama kwako, ingia kama kwako, kwa ajili ya matukio mengine ya kuingia na kutoka, mpaka akajifunza. Kazi nzuri ya uongozaji. Sikumwambia binti yako.

Likabaki tukio la mwisho. Katika skripti mpya mume wa kweli anarudi. Anaingia, anamkuta mwingine mezani, na mke anasema neno moja la kufunga picha. Neno lenyewe halikuandikwa, pameachwa nafasi nyeupe. Binti yako alisema amejaribu kulitunga kila namna, na kila analotunga linakuwa la kwake badala ya la mama yake. Kuhusu nani awe mume wa kweli, hapakuwa na mjadala. Wote walinigeukia. Mimi na wewe tumegawana paji la uso, na hilo halihitaji kipaji. Wakanivisha lile koti lako la kijivu uliloliacha kabatini, uliposema huko uendako utanunua zito zaidi. Fagio na soksi akashikilia jirani.

Nilisimama nje ya mlango ninaoingia kila siku na nikaona ugumu wake. Lakini niliingia bila hodi, kama nilivyoagizwa. Shemeji alikuwa anapiga deki, hiyo ilikuwa kwenye skripti. Koki alikuwa mezani, akainuka. Binti yako alikuwa amemwambia mama yake kabla, aseme lolote litakalomjia.

Alilitazama koti kwanza. Hakunitazama mimi, kaka, alilitazama koti, kuanzia kola hadi mifukoni. Kisha akanitazama miguuni.

"Vua viatu," akasema. "Nimepiga deki."

Nikavua. Ningefanya nini? Nikatafuta pa kuviweka, na hapo nikaona kwamba Koki alikuwa pekupeku muda wote, na viatu vyake viko mlangoni vimepangwa ukutani, mahali ambapo watu wa nyumba hii huweka.

Hatukusikia kata. Binti yako alikuwa amegeukia dirishani. Jirani mwenye fagio akauliza kama ndiyo imekwisha, na Bwana Harusi akamwashiria anyamaze, akiendelea kupiga. Baadaye walibishana ile kauli maana yake nini. Bwana Harusi akasema mke amemkubali mumewe, maana mgeni haambiwi vua viatu, huambiwa ingia navyo tu. Jirani akasema hapana, amemfanya mumewe mgeni, asiyejua kwamba hapa viatu vinavuliwa.  Koki alikwenda kuvaa vyake.

Jioni, shemeji aliliondoa lile koti mabegani mwangu mwenyewe, akalipigapiga vumbi. Akaniuliza nitakuandikia lini. Nikamwambia Jumapili. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, sijayapaka rangi.

"Mwambie kaka yako picha imekwisha. Mwambie miaka yote hii nilikuwa na maneno ya kumwambia akiingia, nimeyapanga kichwani kama vyombo. Leo nimeliona koti, nikayatafuta, nikapata la viatu tu. Kwa hiyo sina la kumlaumu tena, na hilo ndilo linaloniogopesha. Sasa aseme. Kama anakuja, aje, nitamfungulia mimi. Kama haji, aandike kwa mkono wake kwamba haji, aniache huru mbele ya watu. Ile 'mwaka kesho' yake ya kila mara isiwe jibu."

Nilimwuliza kama Koki anajua anayoniambia. Akasema Koki amemwambia neno moja tu, kwamba yeye hawezi kuingia kwenye nyumba ambayo haijajulikana kama ina mwenyewe. Nami siku ya pili nikakutana naye mtaani, mtaro umefunguliwa, yeye yumo ndani hadi kiunoni. Nikamwambia nakuandikia, na kwamba barua huchukua muda. Akasema hamna shida, fundi mwenzangu, mimi nimezoea kungoja maji.

Picha yenyewe itaonyeshwa mwezi wa kumi, kwenye ukumbi wa shule ya jirani. Viti ni vya watoto, kwa hiyo watu watakunja magoti hata wasipoogopa. Binti yako hakuongeza kitu baada ya deki. Inaishia pale, mke na ndoo, wanaume wawili pekupeku. Nilimwambia watu watauliza yupi alibaki. Akasema waache waulize. Halafu akaniuliza, kana kwamba ni jambo jingine kabisa, barua hadi huko uliko inachukua siku ngapi.

Mimi sikushauri, kaka. Nilikushauri kuhusu mgongo na sijui uliishia wapi. Mimi ni mdogo wako, nimekaa chumba cha mbele cha nyumba yako tangu ulipoondoka, na nimekuwa nikiwaambia watu wote kwamba unakuja, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo. Nimelisema sana, mpaka linatoka lenyewe. Safari hii mtu akiniuliza nitasema nangojea jibu.

Binti yako anakusalimu. Alisema nikuambie ana kamera nyingine ya kuazima, na amejifunza kupika chai isiyoungua. Shangazi anakusalimu na anauliza kama bado unapata kiungulia. Bwana Harusi, ingawa hamjuani, anakusalimu na anasema una paji zuri kwenye kamera. Jirani wa fagio anakusalimu pia.

Mkeo hajaniambia nikupe salamu. Nilimwuliza kabla sijaanza kuandika. Akasema swali linatosha.

Mungu akupe afya ya mgongo na wepesi wa mkono, ukae uandike.

Wako akupendaye, ukija na usipokuja,

Mdogo wako.